Upande wa Kushoto wa Ukoo

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ametangaza asubuhi hii kwamba dada yake hana uso. Picha ya majaribio, niliyopiga jana kwa mama mkwe. Watu saba kwenye makochi. Walio kulia, hata nyuzi za nguo zinaonekana. Walio kushoto ni moshi. Nikasema dada mtu alitikisika. Mke wangu akauliza kama chungu cha maua kilicho kando yake nacho kilitikisika.

Jambo zito. Jumamosi mama mkwe anastaafu uuguzi, na ukoo mzima utapigwa picha moja ya kutundikwa sebuleni kwake, mkabala na mlango. Kwa sasa pale pamekaa picha aliyopiga shemeji, kaka wa mke wangu, mpiga picha mwenzangu na mwiba wangu. Kila nikiingia nyumba ile, kazi yake ndiyo inayonikaribisha. Jumamosi picha yake inashuka!

Lenzi yenyewe nimeitoa kwake. Tulibadilishana kwa taa yangu ya studio, ambayo huzimika ikichoka. Nikajua nimempiga bao. Ili asije akadai kwamba aliniazima tu, nilibandika stika yenye jina langu kwa nyuma, kwenye ile ringi ya chuma inayokalia kamera. Mwizi haangalii huko. Leo nimeelewa: nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jumanne, 5 Machi

Uchunguzi umeanza! Nimebandika kurasa za gazeti ukuta mzima wa studio. Katikati nikaegemeza kioo cha mke wangu. Ukijiona umo katikati ya kioo, kamera imetazamana na ukuta sawasawa. Nikakitoa kioo, nikapiga. Kulia: matangazo ya vifo yanasomeka hadi jina la binamu wa mwisho. Kushoto: uji.

Huenda ukuta ndio mbovu? Nikapindua kamera juu chini. Uji ukahamia upande wa pili wa ukuta. Basi ukuta hauna kosa. Nikafunga lenzi yangu ya zamani: gazeti zima safi. Basi kamera haina kosa. Amebaki mshitakiwa mmoja, na aliyemleta namjua.

Mke wangu ameulizia kioo chake. Kina ufa mdogo. Nimesema kilikuwa nao.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa kamera. Amemulika lenzi kwa mbele, akaitikisa sikioni kama yai, akasema vioo vya ndani vimetulia, hakuna kilicholegea. Kwa maoni yake, lenzi nzima imekaa upande.

“Ikikaa upande, bosi, itaona upande,” alisema. “Hebu itoe kwenye kamera niangalie nyuma.”

Nikakataa. Huyu fundi hunywa chai na shemeji. Angeiona stika, na kabla ya adhuhuri shemeji angejua. Nikamshukuru, nikatoka haraka. Akaniita kutoka mlangoni nirudi, ni kazi ya dakika moja tu. Wote hao lao moja!

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa! Nimepanga chupa za maji uani, mstari mmoja ulionyooka. Za kushoto zikatoka na ukungu. Nikazisogeza mbele kidogo kidogo, nikipiga kila mara. Zilipokaribia kamera hatua moja, zikang'aa zote, mwanzo hadi mwisho. Kumbe lenzi hii haina ubovu. Ina msimamo wake. Ukoo ukisimama mshazari, kushoto mbele, kulia nyuma, hakuna atakayegundua.

Jirani aliuliza kwa nini napiga picha chupa tupu. Nikamjibu kwamba zinastaafu.

Jumamosi, 9 Machi

Siku yenyewe.

Nilifika mapema, nikachora mstari wa chaki uani kwa mama mkwe, mshazari. Ukoo ukasimama juu yake. Mashangazi wakanung'unika kwamba wa kushoto wanapendelewa. Shemeji akaja na mikono mfukoni.

“Shem, hii ni picha au foleni ya maji?”

Watu wakacheka. Nikapiga. Nikatazama: nyuso zote safi, kushoto hadi kulia! Hata dada mtu ana uso! Nikamwonyesha mke wangu. Akatikisa kichwa kwa heshima. Nadhani ni heshima.

Hapo mama mkwe akasema fremu ya ukutani ni ya wima. Anaitaka picha yake na wajukuu, wamejipanga kwenye ngazi ya mlangoni, yeye juu kabisa. Sawa, mama. Nikageuza kamera wima. Mkono wangu umezoea kugeuzia upande mmoja tu, na kwa furaha niliyokuwa nayo sikuuliza upande gani. Kushoto kwa kamera kukawa juu. Wajukuu wakatoka na meno yao yote, na yaliyong'oka pia yakaonekana. Juu yao, wingu limevaa sare ya muuguzi.

Mama mkwe aliitazama picha ile kama atazamavyo kidonda.

“Mwanangu, mimi nimestaafu. Sijafa.”

Shemeji akanyoosha mkono, akaichukua kamera. Akaitoa lenzi, akaigeuza, akaibandua stika kwa ukucha. Kisha akasoma kwa sauti, ukoo mzima ukisikia, jina langu na maneno yaliyofuata: usiguse, mwenyewe ninaona. Stika ile, akaeleza, iliinua lenzi upande mmoja. Unene wa ukucha tu, lakini lenzi haihitaji zaidi. Akaibandika kwenye shati langu, akarudisha lenzi, akapiga picha moja. Mama mkwe ana uso hadi mikunjo.

Itatundikwa Jumapili ijayo. Nimesema wazi kwamba lenzi ni yangu, kwa hiyo picha ni yangu. Hakuna aliyebisha. Walikuwa wameshaingia ndani kula.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amependekeza kwamba nikitaka sana stika, niibandike kwa nje. Kwa nje! Mwizi ataiona!

Nimelala nikifikiri, nimeamka na jibu. Kosa halikuwa stika. Kosa lilikuwa stika moja. Upande mmoja uliinuka kwa sababu wa pili uliachwa yatima. Nikibandika mbili zinazotazamana, unene uleule, lenzi itakaa sawa kama mizani, na mali itakuwa na ulinzi maradufu. Hata fundi hawezi kupinga hesabu hiyo, na ndiyo maana sitamuuliza.

Kesho saa tatu asubuhi, duka la vifaa vya ofisi likifunguliwa, nitakuwa mlangoni. Saa nne nabandika. Jumatano napiga picha ya darasa la shemeji mdogo, kitinda mimba wa mama mkwe, wanafunzi arobaini, na mwalimu mkuu amesisitiza iwe ya wima.