Goti la Daktari wa Mashine

Daktari wa Mashine hakusomea udaktari wala mashine, ila alijaliwa mdomo mtamu na goti la kulia lenye kipaji. Aliposikia kwamba mjane wa fundi redio bado anayo kompyuta ya zamani, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni, tena na kisanduku chake cha kuongeza kumbukumbu kinachoning'inia nyuma, mate yalimjaa mdomoni. Kulikuwa na tajiri mmoja mjini aliyekusanya vikongwe hivyo kama wengine tunavyokusanya dhambi.

Akaazima televisheni mpya ya mwenye nyumba wake, akaapa itarudi kabla ya jua kuzama, akaifunga kwenye baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Mjane akawasha mashine. Herufi zikajipanga kwenye kioo cha televisheni yake kuukuu, safi kabisa. Daktari akasogeza kiti, na chini ya kitambaa cha meza goti lake likagusa ubao wa meza, kidogo tu. Kisanduku kikatikisika, kioo kikawa cheupe pe. Wakawasha upya, herufi zikarudi, na goti nalo likarudi. Akashusha pumzi kama mtu aliyeleta habari za msiba, akaeleza kwamba kumbukumbu imekufa, kisanduku kimeoza ndani, hakuna fundi wa kukifufua. Lakini kwa huruma tu angeichukua mashine, amwachie televisheni hii mpya.

Midomo ya mjane ilicheza kimyakimya. Daktari alidhani anasali, na pengine alisali kweli.

"Una hakika kimekufa?"

"Mama, vya namna hii nimezika vingi."

"Basi sikubebeshi maiti." Akakichomoa kisanduku, akakifunga kwenye pindo la nguo yake.

 Daktari akadai kwamba hata vilivyokufa yeye huvichukua, kwa utafiti. Mjane akamuuliza kwa upole ni utafiti gani wa kitu kilichooza. Angesema ni kizima, angejiumbua. Akaacha televisheni, akaondoka na mashine tupu, akijipa moyo kwamba tajiri hatatazama nyuma yake.

Tajiri alianza kwa kutazama nyuma.

"Kisanduku kiko wapi? Hizi tupu ninazo stoo nzima, panya wanazalia humo."

Katika kubabaika, Daktari akataja nyumba ya mjane, akaahidi kukifuata mara moja. Tajiri akasema haina shida, akachukua ufunguo wa gari.

Daktari alipofika kwa baiskeli, ulimi nje, tajiri alikuwa anatoka, amekipakata kisanduku kama mtoto mchanga. Sebuleni televisheni ya mwenye nyumba ilikuwa inaimba. Jua nalo lilikuwa linazama.

"Mama, chukua mashine yako, nirudishie televisheni."

"Mashine isiyo na kumbukumbu nitaifanyia nini, mwanangu?" Akamtazama mguuni. "Marehemu alikuwa haruhusu mtu hata kupiga chafya karibu na meza ile. Nenda salama. Na hilo goti ulipake mafuta."