Nimemnunua Mbwa Niliyekuwa Namgawa Bure

Jamani, leo nimepata aibu ya mwaka. Mbele ya kanisa zima. Tena nikiwa na joho la kwaya.

Nianze na Katibu. Katibu ni mbwa. Aliachwa na mpangaji aliyenitangulia hapa Nkuhungu, ofisa mmoja aliyehamishwa kikazi. Yule baba alibeba mpaka mapazia na balbu, mbwa akamwacha. Nikampa jina la Katibu kwa sababu analala mlangoni, na hakuna anayepita bila yeye kuinua kichwa kumuuliza ana shida gani. (Mnaofanya kazi za ofisi hapa mjini mmenielewa.)

Mimi nampenda. Mama mwenye nyumba hampendi. Katibu ameshamla kuku wake mmoja, ameshatafuna kandambili zake, na wiki iliyopita alilibeba wigi lake hadi barabarani. Jumatatu mama akanijia, mikono kiunoni.

"Binti, Jumapili jioni nikimkuta huyu hapa, namwekea sumu. Sitanii."

Na kweli hatanii. Mbwa aliyekuwepo kabla ya Katibu alikwenda hivyo hivyo. Nikaanza kuhangaika. Nimeuliza kazini, nimeuliza kwaya, nimemuuliza mpaka muuza mkaa. Kila mtu anataka mbwa mkali. Katibu si mkali. Akiingia mwizi, atamwonyesha jiko lilipo.

Ijumaa, dada mmoja wa ofisini akanipa namba ya Mzee Ndahani wa kule kijijini Haneti. Mstaafu, anafuga mbuzi, mbwa wake alikufa kwa uzee. (Kwa uzee! Nilifurahi kama nimesikia habari njema.) Sauti yake kwenye simu ilikuwa ya upole, na kikohozi kidogo. Nikamwona kabisa kichwani: kababu kembamba, kana fimbo. Tukapatana tukutane Jumapili nje ya kanisa letu baada ya ibada. Nikamwambia mbwa atakuwa na utepe mwekundu shingoni.

Leo asubuhi nimemwogesha Katibu kwa sabuni yangu ya uso. Nikamfunga utepe. Alivyopendeza, nikataka kulia. Kwa sababu ya huko kuogeshana nikafika kanisani nimechelewa, kwaya imeshajipanga, mwalimu ananitolea macho. Nikaona nyuma ya kanisa kuna mbuzi amefungwa kwenye nguzo, kivulini. Nikamfunga Katibu papo hapo, nikakimbia ndani.

Sasa, leo ilikuwa ibada ya mavuno. Mnaijua. Watu wanaleta walichojaliwa: mtama, karanga, maboga, kuku, mbuzi. Ibada ikiisha, vyote vinanadiwa nje, hela inaingia kanisani. Mimi nimeimba nyimbo tatu za mavuno kwa sauti yangu yote, na akili haikunituma hata kidogo kwamba nimefunga mbwa kwenye foleni ya sadaka. Ana utepe. Ananukia.

Tumetoka. Naangaza huku na huku kutafuta kababu kenye fimbo. Hakuna. Baba Yona, mzee wa kanisa anayenadisha, amesimama juu ya benchi. Mtama umekwenda. Maboga yamekwenda. Mbuzi amekwenda. Mara nasikia:

"Na huyu hapa! Mtu wa Mungu ametutolea mlinzi! Mnaona utepe? Hii ndiyo sadaka iliyoandaliwa!"

Kanisa likapiga makofi. Nikapasua watu, joho linanasa kwenye matenga.

"Baba Yona! Huyo mbwa ni wangu!"

"Na atakuwa wako, binti, ukitaja bei!"

Watu wakaangua kicheko. Ningeeleza vizuri hapo hapo, mambo yangeisha. Lakini mbele yangu kulikuwa na bonge la mtu, kofia ya pama, miwani myeusi, majogoo wawili kwapani ameshawanunua. Akamsogelea Katibu. Akamfunua mdomo. Akamminya paja. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akauliza:

"Ana kilo ngapi huyu?"

Jamani. Nani anauliza kilo za mbwa?

Majogoo wawili, sasa na mbwa! Nikaona mishkaki. Nikaona na pilipili pembeni.

"Elfu tano," likasema lile bonge.

"Elfu kumi!" Hiyo ilikuwa sauti yangu.

"Kumi na tano."

"Ishirini!"

Katibu kunisikia akaanza kutikisa mkia mpaka anayumba. Baba Yona akazidi kupagawa. "Mnamwona? Mbwa mwenyewe anachangia! Ishirini, nani ana zaidi?"

Lile bonge likafika thelathini, taratibu, bila wasiwasi. Nikafumba macho, nikataja arobaini. (Hela ya gesi hiyo. Nitapikia mkaa, tumshukuru Mungu kwa yote.)

"Mara ya kwanza! Ya pili! Ya tatu! Amekwenda kwa mwanakwaya wetu!"

Vigelegele. Ningekaa kimya, ningekuwa shujaa. Lakini mdomo wangu mnaujua. Nikamkumbatia Katibu, nikamgeukia yule mtu, nikapaza sauti yote niliyofundishwa kwaya:

"Mbwa haliwi! Huna hata aibu, mtu mzima, unapima nyama mbele ya kanisa!"

Hata mbuzi alinyamaza. Mimi, nikiwa bado na hasira, nikatoa simu kumpigia Mzee Ndahani aje haraka.

Simu ikaita kwenye shati la lile bonge.

Akaweka majogoo chini. Akapokea. "Haloo, binti," akasema, na ile sauti ya upole ikanifikia sikio moja kwa simu na jingine kwa hewa. Akakohoa kidogo. Kile kile kikohozi.

Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mla mbwa ndiye mimi."

Kumbe mzee ni bwana mifugo mstaafu. Kilo aliuliza ili ajue kipimo cha dawa ya minyoo. Dawa yenyewe alikuwa nayo mfukoni, akaitoa akaionyesha kwa watu, mmoja mmoja. Kuhusu mnada akasema, "Nilimtambua kwa utepe. Nikajua umeamua kumtoa sadaka, nikaona vibaya kuchukua bure kitu cha Bwana. Ulivyopandisha bei nikadhani unaisaidia sadaka."

Nikaomba msamaha mpaka maneno yakaisha. Baba Yona akaja na daftari. Nikauliza kwa sauti ndogo kama bei inaweza kuangaliwa upya. Akasema sadaka hairudi. Nikalipa. Nikageuka, nikakutana uso kwa uso na mama mwenye nyumba, mwenyekiti wa akina mama, na wigi lake.

"Nimekwambia umtoe. Wewe umekwenda kumnunua?"

Nimempa mzee kamba, bure, kama tulivyopatana. Katibu akapanda pikapu ya mzee, akakaa kiti cha mbele, akatazama mbele kama mwenye kikao. Hakugeuka hata mara moja. Hapo nililia kweli, na watu wakadhani nalilia hela. (Kidogo.)

Mlango wangu jioni hii hauna mtu. Kwenye kundi la kwaya kuna mtu ameshauliza kama nanunua na paka. Endeleeni tu, Mungu anawaona.

Sasa hivi mzee amenitumia picha. Katibu amelala mlangoni kwake, tumbo limejaa, kichwa kimeinuliwa kidogo kumuuliza mpiga picha ana shida gani. Chini ya picha ameandika:

"Bado hajaiva."