Darubini ya Mama Mkwe

Injinia hakusomea uinjinia. Alijipa cheo hicho siku aliponunua koti jeupe la mitumba, na kwa kuwa hakuna aliyemwomba cheti, akabaki nacho. Duka lake liliuza miwani, kamera zilizochoka na betri zilizochoka zaidi. Asubuhi moja alikuwa akipiga miayo mlangoni, fundi saa wa ng'ambo ya barabara akavuka, akafuta viatu kizingitini na kuuliza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi:

"Injinia, una darubini ndogo ya kuongozea?"

Mwayo ukakatika katikati. Injinia hakuwa nayo, lakini mteja mwenye hela mfukoni hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo.

"Ipo stoo. Hebu nieleze kwanza, tusije tukawa tunazungumzia vitu viwili."

Fundi saa akatoa kijitabu. Alikuwa na darubini kubwa ya kupigia picha za nyota, na mota ya kuizungusha ifuate anga. Ila mota ile hukosea kidogo, na katika picha ya dakika kumi nyota hutoka michirizi kama mvua. Ndiyo maana hupandishwa darubini ndogo juu ya ile kubwa: kazi yake ni kukodolea macho nyota moja tu, na nyota ikihama, kamera yake inaiambia mota ijirekebishe.

"Si lazima iwe ndefu," akamaliza. "Fupi inatosha, mradi isicheze."

"Umesoma vizuri," akasema Injinia, ambaye ndiyo kwanza anasikia. "Njoo kesho."

Mama mkwe wake, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa nayo moja, na aliifuta kila Jumapili. Injinia akaenda kuiazima, akidai anataka kuwaonyesha majirani mwezi. Mama akamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza.

"Nakupa kwa heshima ya binti yangu. Kesho jioni iwe hapa. Isiporudi, mkwe wangu, binti yangu atarudi. Chumba chake bado nakifagia."

Injinia akacheka. Mama hakucheka.

Kabla jua halijazama, darubini ilikuwa imepata pacha: kipande cha bomba la sinki, rangi nyeusi, kioo cha miwani ya kusomea huku na huku. Mteja angejaribu ya kweli, angelipa, kisha angefungashiwa bomba. Mpango huo ulikuwa umemlisha miaka kumi na miwili, na kichwa chake hakikuwa kimewahi kuombwa mwingine.

Kesho yake fundi saa alifika na darubini yake kubwa kwenye mkokoteni, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa.

"Umeileta nzima nzima?"

"Nitajuaje kama zinakaa pamoja?"

Akapokea ile ya Mama, akaielekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali, akatazama, akaandika, akatazama tena. Robo saa ikapita.

"Nitakupa nusu ya bei uliyotaja."

"Nusu! Unataka nile mawe?"

"Nusu, na kitambaa cha kufutia."

Injinia akakunja uso kama anayeng'olewa jino, akakubali. Kwa bomba la sinki, hata robo ingekuwa sherehe. Fundi saa naye alilipa huku akificha tabasamu, maana aliamini amemkamua mfanyabiashara. Wakapeana mikono, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

"Subiri nilete boksi lake."

Stoo, Injinia alililaza bomba ndani ya boksi lenye kitambaa cha mahameli, akalifunga utepe, akarudi akiimba kwa pua. Fundi saa alikuwa amepiga magoti, anafuta vidole. Darubini ya Mama ilikuwa imekaa juu ya ile kubwa, imebanwa na pete mbili za chuma.

"Nipe nikufungashie, kaka."

"Ya nini? Nimeshaifunga."

"Ifungue basi. Itapata vumbi njiani."

"Haifunguki. Skrubu nimezitia gundi."

"Gundi!"

"Ile tunayotumia kwenye saa. Ikicheza hata unene wa unywele, nyota zinatoka kama viazi. Hii haitacheza mpaka nife."

Injinia alisimama na boksi lake kama mkunga aliyekosa mwenye mtoto. Maneno alikuwa nayo tele, ila hakuna hata moja la kusema "siyo hiyo niliyokuuzia" bila kusema mengine yote.

"Nakurudishia hela zako. Zote."

"Kwa nini?"

"Basi mara mbili!"

Fundi saa akasimama taratibu, macho yakimng'aa kwa uroho. "Ukisema mara mbili, thamani yake ni mara nne. Siuzi." Akasukuma mkokoteni, akaondoka.

Jioni Injinia alizunguka mtaa wa Mama mara tatu akitunga kisa cha wezi. Alipofikia wezi watano wenye mapanga, akabisha hodi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe. Fundi saa amepita hapa mchana kunionyesha darubini yake mpya. Nilimfundisha darasa la sita."

Wale wezi watano wakatawanyika. "Na... umemwambia nini?"

"Kwamba ameifunga vizuri."

Nyuma ya Injinia teksi ikasimama, mlango ukafunguliwa.

"Sasa sogea hapo mlangoni," akasema Mama, "mke wako apitishe sanduku lake."