Kelele Upande wa Abiria

Jumatatu, 3 Machi

Gari limeanza tena. Kt-kt-kt, upande wa abiria, kutoka getini hadi kazini. Sasa kasoro ni tatu. Ngozi ya dashibodi imeinuka kwenye kona. Swichi za mlango zinanata kama zimepakwa asali. Na hiyo kelele. Gari la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili! La mtumba, sawa, lakini mtumba wenye waranti. Nimeisoma yote, hadi yale maandishi ya sisimizi chini kabisa. Kasoro za ndani ya gari zitatengenezwa bila malipo. Wameandika wenyewe, mimi sikuwashika mkono.

Mke wangu kapiga simu leo. Yuko kwa dada yake, wiki ya tatu sasa. Aliondoka kwa hasira kwa sababu nilibadilisha gari letu la zamani bila kumuuliza, lile kubwa alilokuwa akibebea majora ya mapazia anayoshona. Nilitaka kumshangaza. Akashangaa.

Anasema nikamchukue Jumapili baada ya chakula cha mchana. Masharti mawili tu: nije mwenyewe, na siku hiyo nisimtajie gari. Nisipotokea, kaka yake atampakia yeye na cherehani yake hadi kwa mama yao, na huko asitegemewe kurudi. Nikasema nitakuja. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nakula nimesimama jikoni, kwenye sufuria.

Lakini siwezi kumleta mke nyumbani katika gari linalogonga. Ataanza kucheka kabla hatujafika barabarani. Ingawa yeye mwenyewe alipanda mara mbili kabla hajaondoka, akasema hasikii kitu! Nikamwambia ana pamba masikioni. Kweli siku hizo gari lilinyamaza, lakini lilinyamaza makusudi. Basi litengenezwe kwanza. Wiki nzima ninayo.

Jumanne, 4 Machi

Kwa wauza magari asubuhi. Meneja wao wa waranti ni kijana mwenye tai nyembamba, meno nje muda wote, furaha sijaiona. Nimempa jina Tabasamu.

Dashibodi, akasema atapiga picha wakubwa waamue. Swichi, akaniuliza kama huwa nakula vitu vya mafuta nikiendesha. Mimi! Nikamwambia mtu mwenye gari kama hili hali ndani yake. (Maandazi ya wiki iliyopita hayahesabiki. Nilikuwa nimeegesha.)

Kisha kelele. Tabasamu akakaa kiti cha abiria, akafunga mkanda kwa madaha, tukazunguka mtaa mara tatu. Kimya. Gari limetulia kama maji mtungini. Nikapita kwenye mashimo kusudi. Kimya! Akashuka, akatabasamu. Nikaondoka. Sijafika kona, kt-kt-kt. Nikarudi mbio. Akapanda tena. Kimya. Akaniuliza kwa upole kama siku hizi napata usingizi.

Kazini jioni. Mimi nauza makochi na vitanda, na kitengo cha malalamiko kiko chini yangu. Kaja mama mmoja mtu mzima, kochi limezama katikati, bado lina waranti. Nikamwambia hayo ni matumizi, waranti yetu haihusiki na matumizi. Akasema anaishi peke yake na hukaa pembeni tu. Nikamwambia ndiyo hivyo, angekaa katikati. Watu siku hizi wana tamaa.

Jumatano, 5 Machi

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Tabasamu lazima asikilizishwe. Nimeweka simu juu ya kiti cha abiria, nikaendesha peke yangu, nikarekodi. Kelele imeingia safi, kila pigo. Nikampelekea.

Akasikiliza kichwa kikiwa upande. Akasema sauti hiyo yaweza kuwa ya gari lolote. Yaweza hata kuwa cherehani. Cherehani! Nani kamwambia habari za nyumbani kwangu?

Halafu majibu ya dashibodi. Wakubwa wanasema ngozi haijainuka vya kutosha.

Jioni shemeji kapita, kaka wa mke wangu, na pikapu yake iliyopigwa rangi kwa brashi. Ati alikuwa anapita tu. Alisimama mbele ya gari langu, mikono kiunoni, akaniuliza kiatu cha pili nimekiweka wapi. Huliita kiatu kwa sababu liko chini. Nikamwambia kejeli ni kazi ya mwenye wivu. Akasema dada yake amenunua kitambaa cha gauni kwa ajili ya Jumapili, na nisilete mchezo. Sikumkaribisha ndani. Ndani hakukuwa na kikombe kisafi.

Alhamisi, 6 Machi

Haijainuka vya kutosha? Tutaiinua.

Nilichukua kisu cha jikoni. Nia ilikuwa kuisaidia kidogo tu, upana wa vidole viwili. Kisu kikateleza. Sasa pana mpasuko mrefu kama kiganja, na sifongo ya njano inachungulia. Nikajipa moyo: kasoro ikiwa kubwa, hawana pa kujificha.

Kisha swichi. Niliona chupa ya mke wangu bafuni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kila alichoacha bafuni sijakigusa, ila hiyo. Nikapaka, nikasugua. Kunata kumekwisha kabisa! Na alama zimekwisha kabisa. Swichi zote sasa ni nyeusi tupu, hujui ipi ni dirisha na ipi ni kufuli. Nikabonyeza ya kufunga milango, dirisha likashuka. Nikabonyeza ya kupandisha dirisha, vioo vya pembeni vikajikunja. Mvua ikaanza. Nimefika kazini bega moja limelowa, na wenzangu wameniuliza kama gari la spoti halina bati.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Tabasamu alipitisha ukucha juu ya mpasuko. Akauliza ilikuwa kisu cha mkate au cha nyama. Nikasema cha nyama. Lilinitoka kabla sijafikiri! Akaandika. Akanusa swichi, akaandika tena. Dashibodi kwisha. Swichi kwisha.

Ikabaki kelele. Nikasema sitoki hapo. Nikakaa kwenye kochi lao la wateja (baya, limezama katikati) nikamwambia aliendeshe mwenyewe, peke yake, bila mimi. Akaenda. Akarudi. Nikaona uso wake nikajua kaisikia. Niliruka! Nilimnyooshea kidole mbele ya wateja wote nikasema sasa je, nani halali usingizi?

Akanishika bega akanipeleka mlango wa abiria. Wateja wakatufuata, watu hawana kazi. Akauvuta mkanda wa kiti, akanionyesha kile chuma cha mwisho wake. Akauachia. Chuma kikabembea, kikagonga plastiki ya ubavuni mwa gari. Kt. Akaufunga mkanda juu ya kiti kitupu, akatikisa gari kwa mikono miwili. Kimya.

Akasema hakuna kasoro, mzee. Kiti kikiwa na mtu, mkanda unafungwa na kelele haipo. Ipo tu ukiwa peke yako.

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali. Mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua gari lake akaniambia pole. Pole ya nini? Nilikuja na kasoro, sikuja na msiba.

Nilikaa nje ndani ya gari muda mrefu, naangalia kile kiti. Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki tatu nzima kimekuwa kikinigongea sikioni. Nilitaka kumpigia mke wangu, nikaona bora nisubiri nimpe habari nzuri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata habari nzuri!

Tabasamu anataka nifunge mkanda kiti kitupu. Yaani nisimame kwenye taa nyekundu, mtu mzima, nimeifunga hewa mkanda. Sitaki. Lakini kiti kisiwe kitupu, hilo linawezekana. Nyuma ya nyumba pana gunia la mchanga lililobaki nilipotengeneza uwanja. Mdomo wake umechanika, nikaufunga kwa mtandio wa zambarau wa mke wangu, na kuuzungusha wote ili ngozi ya kiti isichafuke. Nilipunguza mchanga, nikaongeza, nikapunguza, mpaka ukawa uzito wake hasa. Nadhani. Nilimbeba mara moja tu, tulipohamia hapa, na alikuwa anacheka.

Nikamfunga mkanda. Nikalifunga, namaanisha. Nikazunguka mji. Kimya kitamu! Jirani alitupungia mkono akasema karibu tena nyumbani, mama. Nikapiga honi. Nilizungumza nalo kidogo njiani, mambo ya kazini, ya mama wa kochi. Halikunikatiza hata mara moja.

Jumapili, 9 Machi

Nilifika kwa wakati. Hilo liandikwe. Nilinyoa, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikafika kwa wakati.

Shemeji alikuwepo na pikapu yake, kwa tahadhari, alisema. Mke wangu akatoka na mkoba mmoja, gauni jipya la kijani. Akanitazama akacheka, kile kicheko cha siku ya kuhamia. Nusura niliegeshe gari juu ya maua ya dada yake. Akazunguka upande wake, akafungua mlango.

Akasimama. Akauliza taratibu huyu ni nani.

Niliahidi kutotaja gari na sikulitaja. Nilitaja mkanda tu. Nikamweleza chuma kinavyobembea, plastiki, uzito, jinsi nilivyopima hadi mchanga ukalingana naye. Nikamwambia kumbe dawa ya kelele ilikuwa yeye muda wote! Nilidhani atafurahi. Nikasema gunia laweza kubaki hapa kwa dada yake, nitalifuata jioni, maana kesho nikienda kazini nitalihitaji.

Akauliza nimekuja kumchukua yeye, au nimekuja kuchukua kitu cha kufungia mkanda.

Hapo nilikosea. Nilifikiri. Si muda mrefu, kidogo tu, nikitafuta jibu ambalo halina gari ndani yake. Nilipolipata alikuwa ameshafungua mkanda. Akaufungua mtandio wake, akaukung'uta, akaukunja vizuri mara nne, akautia mkobani. Gunia likalala ubavu, mchanga ukaanza kumwagika kitini, polepole, sote tunautazama.

Cherehani ilikuwa tayari kwenye pikapu. Shemeji kwa mara ya kwanza hakunikejeli. Alikuja dirishani, ambalo limegoma kupanda, akaniambia shemeji, hata kiatu huwa kina mwenzake. Akaenda akamfungulia dada yake mlango.

Nimerudi peke yangu. Kt-kt-kt njia nzima. Sikulia. Mchanga ulikuwa unapeperuka.

Jumatatu, 10 Machi

Sikulala. Lakini asiyelala hufikiri, na nimepata jambo kubwa.

Nilijaribu kufunga ule mkanda juu ya kiti kitupu, sijali tena watu wa taa nyekundu. Haufungi! Mchanga umeingia kwenye kifungio. Kiti nacho hakisogei mbele wala nyuma. Sasa hebu nimuulize Tabasamu: mkanda usiofunga ni mapambo? Ni usalama! Na usalama uko kwenye waranti, ukurasa wa pili, herufi kubwa kabisa. Mchanga sitautaja. Nimeusafisha wote unaoonekana.

Safari hii ushahidi uwe kamili. Jioni nimekwenda kurekodi upya, barabara ya mashimo, simu nimeiweka pale pale kwenye kiti cha abiria. Kelele inakuja vizuri sana, kubwa kuliko jana. Katikati, simu ikaita. Mke wangu.

Mlio wake ukaifunika kelele yote! Nikakata. Nikarudi mwanzo wa barabara, nikaanza upya. Akapiga tena. Nikakata tena, nikasema kwa sauti subiri kidogo, mama, nakaribia kushinda.

Hakupiga mara ya tatu. Rekodi imetoka safi mno, haina sauti ya mtu hata mmoja. Kesho asubuhi Tabasamu ataisikiliza mpaka mwisho.