Ordinateur ya Kukimbia Nayo

Jumatatu, tarehe 12 Novemba 2012, Butembo

Asubuhi Mzee Melchior, président wa ushirika wetu wa mbegu za viazi, alituita bureau. Batu banasema vita inapanda toka kusini. Tukikimbia, ile ordinateur kubwa ya bureau, kompyuta ya mezani, nani ataibeba kwa kichwa? Donc amenunua kadogo ka kubeba. Email zote za wakulima wa Masereka, na zile paji, kurasa za bei tulizowekea alama kwa internet, zihamie humo mbele ya Ijumaa. Mwenye kuzihamisha atapeleka kadogo nyumbani kwake, atafanyia kazi kule.

Nyumbani. Pamoja na Abigaïl wangu wa miezi saba, badala ya kumuacha mara nyingi kwa mama mukwe na uji wa baridi.

Florentine, mwenzangu wa bureau, aliinua mukono. Mimi niliinua miwili, mutoto akateremuka mugongoni. Mzee akatuonya kwamba kadogo hakana Windows, kana Linux. Nikamuambia hiyo naijua, nilihamisha mara tatu kule Beni. Beni niliuza vitenge.

Jumanne, tarehe 13

Nilikopia dossier zote za barua kwa clé ya USB. Kufungua clé: dossier hakuna. Raccourcis tu, njia za mukato, ukibonyeza hazikufikishi mahali. Virus. Florentine alicheka mupaka akashika meza. Akaniuliza: Mama Abigaïl, barua ulizihamisha ao ulizizika? Nikamujibu kwamba sisi Bakatoliki tunajua kungojea siku ya tatu.

Hata siku ya tatu haikufika. Nilichomeka clé kwa kadogo, dossier zote ziko pale, zimetulia kama wageni wa ndoa. Kumbe virus ya Windows hapana kudanganya Linux. Nikafanya uso wa mutu aliyejua toka mwanzo.

Jumatano, tarehe 14

Email imefunguka tupu. Barua moja tu, ya programu yenyewe kunikaribisha. Mzee akapita, akauliza. Nikamuambia barua zinapumzika, safari ya kutoka Windows ni ndefu. Akasema sawa, zipumzike mupaka kesho.

Mchana nikaenda kwa Luc, mwenye cybercafé pembeni ya soko. Akaniambia niliweka dossier nzima ndani ya dossier. Nifunge programu kwanza, nitoe vilivyo ndani ya profil ya zamani, niviweke ndani ya ile mupya. Yaani nimimine maharagwe, gunia libaki. Nikamimina. Barua elfu mbili na zaidi, na paji za bei na alama zake. Nilimunyonyesha Abigaïl hapo hapo kwa Luc, furaha ilinichosha. Nikamuomba Luc akikutana na Florentine aongee juu ya mvua tu.

Alhamisi, tarehe 15

Imebaki liste ya anwani. Nilipoiingiza, programu ikauliza kama iunganishe majina yanayofanana. Abigaïl analia, jino linatoka. Nilibonyeza Oui. Ikauliza tena, nikabonyeza Oui kwa yote. Liste ikawa fupi, safi, ya kupendeza.

Kisha barua ya kwanza kutoka kadogo nikamuandikia mume wangu, Kambale, aliyekwama mupakani Kasindi na malori ya batu. Nilimueleza yote: kwamba Florentine nimemushinda, kwamba Linux nimeiona Jumatatu hii kwa mara ya kwanza, kwamba Mzee anashika panya ya ordinateur na mukia ukimuelekea tumbo. Kwamba jino limetoka. Kwamba kitanda kiko na baridi, arudi.

Ijumaa, tarehe 16

Majibu nane, na hakuna la mume wangu.

Hapa kwetu mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale. Ushirika uko nao wanane. Programu ilibakusanya wote chini ya jina moja, pamoja na wangu. Kambale wa Masereka ananipongeza kwa jino. Kambale mupasta anasema atauombea unyenyekevu wangu. Kambale mwingine anauliza, kwa heshima, kama ile ya kitanda ilikuwa yake.

Jibu la nane ni la Kambale Melchior. Alisema tu nipite bureau.

Alinikalisha. Akaweka panya mbele yangu, akaomba nimuonyeshe mukia unakaa upande gani. Nikamuonyesha. Akaigeuza polepole. Akasema alitaka barua zifike, na zimefika, hata kwa wasioziomba. Kadogo niende nako. Mais Florentine atakuja kwangu kila siku kukaa pembeni yangu, anichunge.

Jumapili, tarehe 18

Jana Florentine alifika saa moja ya asubuhi. Akakaa kwa kiti changu, akanywa chai yangu, akamuimbia Abigaïl. Abigaïl akacheka. Mimi, tangu jino litoke, ananiuma tu.

Leo nyuma ya Misa nilimufikia Mzee. Nikamueleza kwa sauti ya fundi kwamba Linux inataka mutu mumoja kwa nyumba moja. Ikiangaliwa na macho manne, barua zinaanza kujifuta. Mzee alifikiri sana. Akanishukuru kwa kumuonya mapema. Akasema basi kesho kadogo kahamie kwa Florentine, anaishi peke yake.

Nimefunga mutoto mugongoni, narudi kwa Mzee sasa hivi. Nilisahau kumuambia kwamba Linux inaogopa pia mabati mekundu. Ya Florentine ni mekundu.