Nguo 32 za Kwaya na Sufuria Moja

Jumatatu, 3 Novemba
Yannick ameacha kazi. Anaenda Mongbwalu kuchimba zahabu. Alisimama mulangoni na mufuko wake, eti hajaona mutu aliyetajirika na mashine ya kushona. Yangu ilikuwa pale, inasikia. Kwenye atelye yangu ya kushona nimebaki na binti Adeline peke yake, na nguo 32 za kwaya, sikukuu ya mavuno ni Jumapili. Miye shemasi, niliahidi mbele ya kanisa zima! Vijana wanaume wanakimbilia zahabu, wasichana wanakimbilia ndoa. Hiyo ninaijua. Na leo Adeline amejitazama kwenye kioo mara mbili.

Jumanne, 4
Nimepata akili. Nimepanda moto, pikipiki ya kukodi, mupaka Rwambuzi kwa baba ya Adeline, muzee Katsuva, na jogoo ya heshima. Nikamwambia kwa binti fundi namna ile, mbuzi kumi za mahari ni haya. Aombe makumi mawili. Muchumba atashindwa, Adeline atabaki kwangu. Muzee aliangalia jogoo, akaniangalia miye, akauliza kama mama ya watoto wangu amekubali. Ee Bwana! Nimeeleza mupaka jasho. Jogoo imebaki kule.

Jumatano, 5
Adeline amesema hana muchumba, na anaondoka Jumamosi. Amesema kwa upole, ndiyo iliniumiza. Eti miaka mbili anachota maji, anapika maharagi, anaosha sahani zetu, kwenye mashine anafika baada ya chakula. Yannick alianza kazi nyuma yake, akakalia mashine siku ya kwanza. Nikamwambia: mwanangu, samehe, kesho napika miye.

Alhamisi, 6
Maharagi imeungua. Majirani wamekuja kuuliza kama atelye inawaka. Lakini Adeline ameshona nguo kumi na moja. Kwa siku moja! Kumbe.

Jumamosi, 8
Nguo zote 32 zimeisha. Nimelia, Mungu anaona. Adeline alisema ikiendelea hivi, atabaki. Tukaomba pamoja. Halafu, kazi imeisha, njaa iko, nikamuomba aweke maharagi motoni. Leo tu. Akakunja metre yake ya kupimia nguo, akaniachia ufunguo wa atelye.

Jumapili, 9
Kwaya imependeza. Adeline aliimba akisimama mustari wa mbele, hakuniangalia. Muke wangu Dorcas ameuliza sababu ya kuondoka. Nimemujibu: muchumba iko, anamuficha tu.
Kesho Bijou anaanza, binti wa mikono mepesi. Safari hii sirudii kosa. Nimemununulia sufuria nzito, isiyounguza.