Saa Kumi na Nne za Mama Mdogo

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi wa Kazi,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba wewe saa zako za kazi bado zipo zote. Mimi ni Bong Sun-rye, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mpishi katika duka la vitoweo la Bwana Pyo Jeong-uk, hapa Mokpo. Miaka tisa nilifanya kazi saa arobaini kwa wiki. Tangu mwezi wa tisa nimepunguziwa hadi kumi na nne, bila notisi wala kosa. Kama ujuavyo, anayefikisha saa kumi na tano ana haki ya siku ya mapumziko yenye malipo, na kiinua mgongo. Wa kumi na nne ana haki ya kwenda nyumbani. Hesabu hii naijua barabara. Tafadhali usiniulize niliijulia wapi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi ya kupunguza saa niliitia sahihi mwenyewe. Jeong-uk aliniletea mikono yangu ikiwa imejaa pilipili, akasema, "Imo, weka tu jina hapo, mambo ya ofisi hayo." Imo ni mama mdogo, na hapa kwetu kila mwanamke anayepika nyuma ya kaunta ni mama mdogo wa dunia nzima. Nilinawa, nikatia sahihi, nikamshukuru. Hata kalamu ilikuwa yangu.

2. Kabichi hazikupunguziwa saa. Ukishazitia chumvi lazima uzigeuze, uzioshe, uzichuje maji, ndipo uzipake viungo ziwe kimchi. Mkataba wangu unaisha kabichi zikiwa bado zimelala ndani ya chumvi. Nilipomuuliza bosi, alinijibu, "Imo wee, kwani sisi si familia? Utaziacha zioze kweli?" Sikuweza. Basi saa kumi na nne nalipwa kama mwajiriwa, na ishirini na sita zilizobaki nazifanya bure kama mama mdogo.

3. Nikishapiga kadi ya kutoka huniambia, "Pole na kazi, imo!" Kisha ananikabidhi ndoo. Nami naipokea.

4. Kwa kuwa mimi ni familia, naomba haki za familia. Mwaka Mpya anisujudie, kama desturi yetu kwa wakubwa, mpaka paji la uso liguse sakafu. Nimsute mbele ya wateja kwa zile nywele alizozipaka rangi ya njano. Nimtafutie mke, maana ana miaka thelathini na minane na chakula cha jioni anakula wima mbele ya jokofu. Na siku ya kumkumbuka marehemu mama yake, nikae nile, vyombo aoshe yeye.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako imwamuru achague moja: anirudishie saa zangu arobaini, au aniandikishe kisheria kuwa mdogo wa marehemu mama yake, na fungu langu la urithi liwe jokofu la kimchi, lile kubwa.

Nachekacheka, Mheshimiwa, lakini nimeumia. Miaka tisa mikono yangu inawasha, na mtu niliyemfundisha kuonja chumvi ndiye aliyenipunja. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Mimi nimechelewa kuerevuka, lakini nimeanza.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule dada wa mapokezi aliyenipa fomu ya pili baada ya mimi kuipaka pilipili ile ya kwanza.

Wako, ninayejali saa za watu,

Bong Sun-rye

N.B. Ukituma mtu, aje dukani. Nyumbani asiende. Huko atamkuta Bi Chae, anayemtunza mama mkwe wangu wakati mimi nageuza kabichi. Mkataba wake niliuandika mwenyewe: saa kumi na nne kwa wiki. Jana nilichelewa tena, akabaki kumlisha mama mpaka niliporudi. Aliponionyesha saa ukutani nikamwambia, "Dada mkubwa, kwani sisi si familia?" Leo asubuhi ameniomba kalamu na anwani ya ofisi yako. Kalamu nimempa.